Bima ya Saa ya Mabwana Harusi

Kwa miaka mingi nilikuwa na saa tu. Halafu siku moja, kwenye foleni ya benki pale Ngara mjini, mtu mmoja akaniambia kwamba nina mali, na raha yangu ikaishia hapo.

Mtu mwenyewe alikuwa mgeni, ananukia marashi, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Hakunisalimia. Alinishika mkono kama daktari anayetafuta mapigo, akaigeuza saa yangu huku na huku, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamweleza ukweli. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa dereva wa shirika la misaada, na bosi wangu mmoja, mzungu, siku ya kuondoka aliivua saa mkononi mwake akanivalisha, kwa kuwa nilimpitisha kwenye matope ya wilaya nzima bila kumpindua. Yule bwana akacheka, akanitajia bei. Siiandiki hapa, maana majirani zangu wanajua kusoma. Niseme tu kwamba siku zote zile nilikuwa nikiogesha mbuzi dawa ya kupe huku zizi zima la ng'ombe limefungwa mkononi mwangu.

"Mzee, ikatie bima," alisema, akarudi kwenye nafasi yake.

Nilirudi kijijini kwetu Keza kwa bodaboda, mkono wa kushoto nimeuficha ndani ya koti. Dereva akaniuliza kama nimeumia. Nikamjibu ndiyo, na sikuona kama nimemdanganya. Nyumbani nikamweleza mke wangu habari yote, naye akaendelea kuchambua maharage.

"Kwani jana ilikuwa haisomeki?" akauliza.

Ili mambo yaeleweke, lazima niseme kwanza saa ile ilikuwa na kazi gani kwetu. Mabwana harusi wa kilima chetu hawanunui saa. Suti wataazima kwa mmoja, viatu kwa mwingine, hata kama vinabana, lakini saa ni kwangu. Aliyeanza ni kijana mkubwa wa jirani yangu, huyu tunayepakana migomba. Aliivaa Jumamosi, na Jumatatu akairudisha yeye na bibi harusi wake, na kuku mmoja mikononi. Wakakaa, wakala, wakaondoka jioni. Aliyefuata akafanya vilevile, na wa baada yake, mpaka ikawa desturi: kabla bibi harusi mpya hajatembelea nyumba nyingine yoyote, anakuja kwanza kwetu kurudisha saa. Hakuna aliyeitangaza desturi hiyo kanisani wala kwenye mkutano wa kijiji. Ilijiotea tu.

Basi nikaanza kutafuta bima. Ngara wakala niliyempata alijua pikipiki na magari, akanielekeza kwa mwenzake Biharamulo, ambaye alisema kwenye simu nije na saa, risiti, na picha zinazoonyesha kuwa saa ni yangu. Risiti sikuwa nayo. Mzungu anapokuvalisha saa kwenye uwanja wa ndege wa vumbi, humdai risiti. Picha nilikuwa nazo tele.

Wakala alikuwa binti mmoja mwenye heshima zake, ofisi yake chumba kimoja karibu na soko la Biharamulo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kuna bima ndogo na kuna bima kubwa. Bima ndogo ni nafuu: inalinda wizi na moto, ila saa ikae nyumbani, ndani ya kitu chenye kufuli. Bima kubwa ni ghali: inalinda hata njiani, hata safarini, lakini saa aivae mwenye bima au mtu wa kaya yake tu, na ni marufuku kuiazimisha. Mikwaruzo haimo katika bima zote mbili.

"Kwa nini mikwaruzo haimo?"

"Huo ni uchakavu, baba."

Nikaitazama saa. Nusu yake ilikuwa uchakavu.

Nikajaribu kujumlisha niliyoyasikia. Bima ndogo inailinda saa nisipoivaa. Bima kubwa inailinda nikiivaa peke yangu. Ya tatu, ambayo binti hakuitaja kwa sababu haimpi mtu kula, ni kutokata bima kabisa na kulala macho wazi. Nikamwambia ngoja nifikirie kidogo, naye akasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni msemo mzuri, na pale ukutani kwake alikuwa ameubandika kabisa.

Kisha akaomba picha. Nikampangia mezani, harusi baada ya harusi. Akaziinamia kwa muda.

"Baba, saa naiona," akasema. "Wewe sikuoni."

Nikainama na mimi. Alikuwa anasema kweli. Katika kila picha saa ilikuwa inang'aa kwenye mkono wa bwana harusi, na mimi nilikuwa nyuma kabisa, mahali pengine sikio tu, mahali pengine kofia, na mkono wangu mtupu. Kwa ushahidi ule, mtu pekee kilimani ambaye hakuwahi kuwa na saa alikuwa mimi. Binti akashauri nilete barua ya mtendaji wa kijiji ya kunithibitisha. Nikamwonyesha mtendaji wa kijiji: alikuwa picha ya tatu, amesimama na mkewe, saa yangu mkononi.

Tukacheka wote wawili. Bado anatabasamu, akachukua kalamu.

"Watu wa kaya yako wako wangapi?"

"Wawili."

"Na watoto?"

"Nimesema wawili. Mimi na mama."

Kalamu ikasimama kidogo. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, fidia iandikwe kwa nani iwapo sote wawili tutatangulia. Lilikuwa swali la kazi yake, hakuwa na ubaya wowote, lakini liliniuma. Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto. Jambo hilo kijijini kila mtu analijua, na kwa wema wao hakuna anayelisema, hivyo nilikuwa sijawahi kuulizwa na mtu mwenye kalamu mkononi. Nikamwambia nitarudi na barua, nikakusanya mabwana harusi wangu, nikaenda kupanda basi.

Nyumbani nikaamua kuijaribu bima ndogo kabla ya kuilipia. Saa nikaifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo nikautia kwenye mfuko wa suruali. Jambo moja nilikuwa nimelisahau. Saa ile haina betri. Inajitia nguvu yenyewe kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa. Nilipofungua sanduku baada ya siku chache, ilikuwa imesimama. Ilikuwa salama kabisa, na imekufa.

"Umeizika hai," alisema mke wangu kutoka mlangoni.

Wiki hiyohiyo jirani yangu akaja na dumu la pombe ya ndizi. Nilijua shida yake tangu nilipoliona dumu. Kitinda mimba wake alikuwa anaoa Jumamosi. Hata hivyo tuliongea kwanza habari za mvua, za mnyauko wa migomba, za bei ya kahawa, kama watu waliolelewa vizuri, ndipo akasema kijana ametuma salamu na anaiomba ile saa.

Nikatoa makaratasi ya binti wa Biharamulo nikamsomea. Nilisoma kwa sauti ya ofisini, sijui kwa nini. Nilipofika kwenye neno kaya, akanisimamisha.

"Hiyo kalatasi inasema watu wa nyumba hii ni nani?"

"Mimi na mama."

Akaweka kikombe chini. Huyo kitinda mimba alikuwa amekula kwetu tangu anatambaa. Dirisha letu la sebuleni alilivunja yeye kwa mpira, na jembe langu la kwanza kupotea alilipoteza yeye. Na kaka yake wa pili alipooa, mkanda wa saa ulikatika watu wakiwa wanacheza, saa ikarukia kwenye migomba, na ngoma ikanyamazishwa. Watu wazima waliovaa suti za watu wengine walipiga magoti kwenye majani makavu, wakwe pamoja na wakwe, mpaka bibi yake bibi harusi akaipata chini ya shina na kuipeperusha hewani. Hakuna aliyeniuliza risiti siku ile.

"Sawa," jirani yangu akasema, akasimama. "Sisi hatugombani na kalatasi."

Akaondoka, na dumu akaliacha. Nilitamani angenitukana.

Mke wangu alikuwa amesikia yote. Alikuja kuchukua vikombe, akavipanga mkononi kimoja baada ya kingine.

"Mzee," akasema, "kama saa haitoki, nani atakuja kuirudisha?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba bima haishughuliki na bibi harusi. Akaenda zake jikoni. Nilikuwa nimemwelewa palepale, lakini niliendelea kukunja uso mpaka wakati wa kula, maana mwanamume naye lazima alinde heshima yake, hasa akiwa hana hoja.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa jirani na saa mfukoni. Kijana alikuwa anavalishwa na kaka zake, amekaa kwenye kiti kama anayenyolewa. Nikamfunga mkanda mwenyewe. Alinyoosha mkono, na jirani yangu akageuka kutazama migomba yake, ambayo anaiona kila siku.

Binti wa bima alinipigia simu nikiwa njiani kwenda kanisani.

"Baba, umechagua? Kubwa au ndogo?"

"Nimebaki na ile ya zamani, mwanangu."

Akasema hajaelewa, na mimi nikasingizia mtandao.

Jumatatu waliyotakiwa kuja, asubuhi ikapita. Mchana ukapita. Nilitoka mpaka kwenye njia, nikarudi, nikatoka tena kwa kisingizio cha mbuzi.

"Unaogopea saa?" mke wangu akauliza. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na wali ulikuwa umeshaiva na kupoa.

"Sasa niogopee nini?"

"Haya. Na mimi naogopea saa."

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipotokea kwenye kona ya njia, wanatembea taratibu, kijana mbele, bibi harusi nyuma na kikapu kichwani. Mkwe wangu, niliposhtuka nilikuwa nimeshamwita hivyo moyoni, akapiga magoti kutusalimia, mimi kwanza, kisha mama. Kijana akavua saa akanikabidhi kwa mikono miwili, uso umemshuka. Kioo kilikuwa na mkwaruzo mpya, kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili.

"Baba, nisamehe. Nilikuwa nashusha meza—"

"Huo ni uchakavu," nikamwambia. "Kaa."

Bibi harusi aliuliza jiko liko wapi, akamsaidie mama. Jiko letu limesimama peke yake katikati ya uwanja, unaliona tangu barabarani, na moshi ulikuwa unatoka. Mke wangu akainuka, akamshika mkono, akampeleka kumwonyesha.