Mlangoni Alisimama Peke Yake

Habari ya kifo chake niliipata sokoni, nikiwa ninachagua samaki mkavu wa Tchomia kwa mama anayeniuzia kila juma. Mama huyu hana kawaida ya kuninyamazia; siku zote ananitania kwamba walimu wa chuo hawajui samaki, wanajua picha ya samaki tu. Siku hiyo hakunitania. "Papa Klore alikufa jana mangaribi," akasema. "Weye haukusikia?" Nikamwambia sikusikia. "Ni tension, damu ilipanda. Alianguka mu kiwanja kwake, na hakuamuka tena." Akanifungia samaki, akanipa, kisha akauliza taratibu, kama anajiuliza mwenyewe: "Sasa ku matanga yake, nani ataenda?" Nilitaka kumkemea. Maiti hajapoa, na wewe unauliza hivyo? Lakini nilitoa pesa, nikamlipa. Mama yule ni mmoja wa wamama wa kwaya ambao Papa Klore aliwazuia mlangoni wakati wa corona, na kama kuna mtu mjini Bunia mwenye haki ya kuuliza swali lile, ni yeye. Nilirudi nyumbani na samaki wangu, na sikumla.

Kwa ninyi msiomjua, alikuwa mwalimu wa Kiebrania katika chuo kimoja cha Kikristo hapa mjini, chuo ambacho mimi nami nilifundisha miaka mingi kabla sijastaafu na kuanza kuwasumbua kwa safu hii. Alitoka upande wa Mahagi, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, mcheshi na mkali kwa wakati mmoja. Corona ilipofika tulikuwa bado hatujamaliza kupumua kutokana na Ebola, na mabweni yetu yalikuwa yamejaa vijana ambao hawakuweza kurudi kwao kwa sababu ya barabara na vita. Mkuu wa chuo akaunda kamati ya usalama wa afya, nami nikawa mmoja wa wajumbe. Mwenzetu huyu akapewa lango. Hakuna aliyekuwa akiitaka kazi ile. Akaweka ndoo za maji yenye dawa ya klore pale penye lango, akaweka kiti chake kando ya ndoo, akawa anasahihisha mitihani hapohapo, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye mikono ya watu. Ndiyo maana wanafunzi wakambatiza jina hilo, naye akalipenda, hata akawa anajitambulisha nalo kwenye simu.

Siku moja alikuja mchungaji mkubwa, mgeni wa mkuu wa chuo, ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Dereva akapiga honi afunguliwe. Papa Klore akaenda, akainama kwenye kioo, akasema: "Mubaba, shuka unawe mikono." Mchungaji akasema ana haraka, tena amekwisha kunawa kwake. "Sawa," akajibu Papa Klore, "Pilato naye alinawa kwake, na unajua ilikuwa aje." Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mchungaji mwenyewe, nasikia, alicheka mwisho akashuka akanawa. Wanafunzi wakikohoa wakati wa ibada, ambayo siku hizo tuliifanya nje chini ya mikaratusi, kila mmoja mbali na mwenzake, alikuwa akipaza sauti: "Eh! Ule anakohoa, akohoe mu Kiebrania, tujue kama alisoma!" Kwa vichekesho vya namna hiyo alitufanya tukubali mambo magumu: kutoshikana mikono, kuimba na barakoa, kula kwa zamu. Nami nasema bila kusitasita kwamba vijana wale walirudi kwao salama kwa sababu yake.

Lakini hakuna mtu mjini anayemkumbuka kwa vijana wale. Wanamkumbuka kwa siku moja tu, nayo ni siku aliyokufa mzee wetu wa maktaba. Mzee yule aliishi na mkewe katika moja ya nyumba ndogo zilizo ndani ya uwanja wa chuo, na aliuawa na sukari, ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani. Sasa, kila mtu wa kwetu anajua kinachofanyika mtu akifiwa. Wamama wa kwaya wanakuja kwa miguu na kuni, unga wa muhogo, maharage na sufuria zao. Wanasimama mlangoni wakiimba mpaka mtu wa nyumba atoke kuwapokea, kisha wanaingia kwa mstari, wanampa mfiwa mkono mmoja baada ya mwingine, na wanalala naye chini kwenye mikeka mpaka machozi yapungue. Usipoingia, hukuja. Usipotoa mkono, hukuja. Mtu kwetu hupimwa kwa matanga aliyoyakalia, si kwa shahada wala kwa ng'ombe.

Kamati ikakutana. Tuliogopa, sikatai, na woga wetu ulikuwa na sababu. Wamama kutoka kila mtaa, waingie walale ndani ya uwanja wenye mabweni yaliyojaa? Papa Klore peke yake ndiye aliyeomba tulegeze. "Wamama wane tu," alisema. "Wanawe, wavae maski, walale na ule mama. Mutu hawezi kulia peke yake kama fisi." Nilikuwa wa kwanza kumpinga. Nilisema, na maneno yangu nayakumbuka vizuri kwa sababu niliyaona ya hekima, kwamba tukifungua mlango kwa wanne leo, kesho tutaufungua kwa mji mzima. Nikapendekeza kwaya iimbe nje ya ua, mjane asikie akiwa ndani. Wimbo haubebi ugonjwa, nikasema. Wote wakaona ni wazo zuri, la huruma tena! Tukainua mikono, yeye akabaki na wake mezani. Kisha mkuu akamwambia aende langoni awaeleze wamama, maana lango ni lake. Akasimama, akavaa barakoa yake, akatoka. Sisi tulibaki tukinywa chai.

Kupitia dirishani nilimwona akiongea nao. Sikusikia maneno, niliona tu mikono ya wamama ikirushwa juu, na mmoja akitupa kuni zake chini. Mwisho wakaimba. Waliimba vizuri, wakaweka unga na maharage nje ya lango, wakarudi kwao. Mjane alikaa ndani na binti yake mmoja, akisikia sauti za rafiki zake bila kuona uso hata mmoja. Na hapo ndipo hekima yangu ilipozaa matunda yake. Hapa Bunia, baada ya Ebola, watu walikuwa wamejifunza kitu kimoja: matanga yasiyoingiwa ni matanga ya ugonjwa. Kabla juma halijaisha, mtaa mzima ulikuwa ukisema mzee wa maktaba ameuawa na corona na chuo kinaficha. Mjane alikuwa akiuza maandazi asubuhi kando ya barabara ya chuo. Watu wakaanza kupita upande wa pili. Watoto waliokuwa wakimkimbilia wakaitwa warudi. Hata wamama wengine wa kwaya, walioimba kwa machozi siku ile, wakaanza kuona shaka: kwani kwa nini walizuiwa? Mama yule akahamia kwa binti yake, mtaa mwingine kabisa, na maandazi yakaishia hapo.

Watu wakauliza nani alifunga mlango. Ninyi mnajua tulijibu nini. Hatukusema uongo, la hasha, sisi ni watu wa Mungu! Tulisema tu, "Muulize Papa Klore, njo yeye wa mulango." Mimi nilisema hivyo kanisani, nilisema sokoni, nilisema hata mbele ya shemeji yangu mezani kwangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo tunavyosema. Lakini chawa akishavunjwa, kila mmoja huficha chake na kuonyesha cha mwenzake chenye damu. Kuanzia hapo, akiingia kanisani watu walikuwa wakisogea kidogo kwenye benchi. Akienda matangani, walimpa mkono wa ncha za vidole. Vichekesho vyake vikapungua. Hakujitetea wala kutulaumu, na sisi tukaona heri.

Aliniomba kitu kimoja tu. Corona ilipokuwa imepoa na lango limeachwa wazi tena, alinishika bega baada ya ibada. "Ndugu yangu, twende siye wawili kwa ule mama. Tumuambie namna ilikuwa. Miye peke yangu atafikiri nakuja kujitetea." Nikamwambia, ndiyo, twende, lakini juma lijalo. Juma lililofuata mvua. Lililofuata nilikuwa na safari ya Bogoro kuangalia shamba. Halafu mitihani, halafu goti langu. Alinikumbusha mara kadhaa, kwa upole, halafu akaacha. Nilijidanganya kwamba amesahau, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Basi nikaenda matangani kwake. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vya plastiki vimepangwa vizuri, na vingi vilikuwa vitupu. Walikuwapo ndugu zake waliotoka Mahagi, walimu kadhaa, jirani wawili watatu waliokuwa wakiangalia saa. Mkewe alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho yake hayaondoki barabarani. Nilipompa mkono hakuuachia. "Watakuja?" akaniuliza. "Yeye alikuwa anaenda kwa wote. Hata kwa wale walikuwa wanamununia, alikuwa anaenda. Watakuja, mwalimu?" Nikasema watakuja. Sikuwa nikiamini, na yeye aliona kwamba siamini, akaachia mkono wangu. Nilitafuta kiti cha nyuma nikakaa, nikiwa na haya ya kuwa hai.

Jua lilipoanza kulegea tukasikia wimbo kutoka barabarani. Wamama wa kwaya, kundi zima, na kuni zao na sufuria zao. Mama wa samaki alikuwamo. Na mbele yao, beseni la unga kichwani, alikuwa mjane wa mzee wa maktaba. Walifika mlangoni mwa ua wakasimama, wakaendelea kuimba, kama desturi ilivyo, wakingoja mtu wa kuwapokea. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ndugu za marehemu hawakuwajua, wakabaki wametazamana. Walimu wenzangu wakaangalia miguu yao. Mimi nikanyanyuka nikaenda.

Wimbo ukaisha. Mama yule akanitazama bila kuteremsha beseni. "Leo tunaweza kuingia?" Hakucheka.

"Ingieni, mama."

"Ule alikuja kwangu," akasema, sauti yake ya kawaida tu, kama anayenipa habari za mashamba. "Alikuja peke yake, mu mvua. Akakaa chini, akalia kama mutoto. Akaniambia, mama, mulango ni miye niliufunga. Nikamuuliza, weye peke yako? Akasema, ndiyo, peke yangu. Nikamusamehe. Alikuwa anakuja kila Pasaka, tunakula naye." Akaliweka sawa beseni kichwani. "Alinidanganya, eh?"

Jamani, ningeweza kusema sijui. Marehemu mwenyewe alikuwa ameniwekea njia ya kutokea, safi kabisa. Nyuma yangu walimu wenzangu walikuwa wakisikia. "Alikudanganya, mama," nikasema. "Tuliufunga sisi wote. Yeye ndiye pekee aliyekataa. Alitaka wamama wanne walale nawe. Aliyetoa wazo la wimbo wa nje ya ua ni mimi."

Wamama nyuma yake wakaguna. Mama wa samaki akasema "Aah!" kwa nguvu, akageuka upande. Mjane hakuguna. "Nilijua," akasema. "Mutu moja hana nguvu ya kufunga mulango kubwa vile. Nilikuwa nangoja tu nione nani atakuja kuniambia. Miaka yote hii nilikuwa nangoja." Nikanyoosha mkono wangu, nikitegemea nini sijui. Hakuushika. Alinipita, wamama wote wakamfuata kwa mstari, wakampa mkono mke wa marehemu mmoja baada ya mwingine, na kilio kilichotoka kwenye mkeka ule kilikuwa kilio cha mtu aliyepata wa kulia naye.

Nilikuwa nikirudi kwenye kiti changu cha nyuma mjane yule wa beseni aliponiita. "Mwalimu! Unaenda wapi? Bakia kule ku mulango. Watu watakuja wengine, wewe njo utawapokea." Na kweli walikuja, maana habari za kwaya hutembea haraka kuliko simu. Nikawapokea wote. Wengi walikuwa ni walewale niliowaambia wakamuulize Papa Klore, na kila aliyefika nilimshika mkono nikamweleza tena, tangu mwanzo, nani alifunga na nani alikataa. Wengine walinikazia macho. Mzee mmoja alitema mate kando ya kiatu changu akaingia.

Bado nasema sheria za wakati ule zilihitajika, na ugonjwa mwingine ukija, nao utakuja, tutafunga milango tena. Sina ugomvi na kufuli. Ila niwaombe wote mnaokaa kwenye kamati, za chuo, za kanisa, za mtaa: ukiinua mkono ndani ya chumba, inuka na miguu pia, uende langoni ukasimame karibu na yule mliyemtuma, watu wauone uso wako. Mimi nilifika langoni kwake siku ya matanga yake, na kiti cha kando yangu, chake yeye, kilikuwa kitupu.