Shanga za Kulwa na Doto

Sisi tuliosoma Butimba kabla ya simu za kugusa, nguo za ngoma tulizitafuta nyumbani. Sherehe ya shule ikikaribia tulivamia masanduku ya wazazi: vitenge, njuga, kofia ya babu yenye harufu ya ugoro. Tulifika mazoezini tukinuka moshi na dagaa, tukajiona watu wazima.

Mwaka mmoja dada yangu Shija alipewa nafasi ya bibi kizee wa kuchekesha wageni. Chini ya kitanda cha mama akakuta kopo la shanga nyeupe na nyekundu, akazivaa zote, shingoni na kiunoni. Alipotoka akinengua, uwanja mzima ulicheka. Kisha akina mama waliokaa mbele wakanyamaza. Walizijua: zile ni shanga za aliyezaa mapacha, hazivaliwi kwa mzaha.

Mama akainuka. Mimi nilikuwa kwenye ngoma, nikaacha kupiga, nikajua Shija anachapwa mbele ya shule nzima. Hakuchapwa. Mama alimshika mkono wakaenda nyuma ya darasa, nami nikawafuata.

"Hizi ni za Kulwa na Doto," alisema. "Walikutangulia. Hawakufikisha hata mwezi."

Hatukuwahi kusikia habari zao. Kwa kabila letu Shija ni jina la anayezaliwa nyuma ya mapacha, lakini sisi watoto wa mjini tulilichukulia kama Neema au Rehema. Dada akaanza kulia na kuzivuta shanga shingoni. Mama akamzuia asizikate, akazifungua mwenyewe taratibu, akimweleza ipi alivishwa na bibi baada ya uzazi ule na ipi na shangazi. Halafu akavua kitenge chake cha juu, akamfunga nacho kiunoni.

"Nenda kawachekeshe. Ungeniuliza tu, mwanangu, ningekuambia."

Siku hizi shuleni kwa wanangu kuna siku ya utamaduni, na nguo zinakodishwa mjini zikiwa zimeshapigwa pasi. Juzi binti yangu alivaa shuka la Kimasai, ushanga wa plastiki na kilemba sijui cha wapi, akajipiga picha mpaka chaji ikaisha. Nilipomuuliza vina maana gani, akasema nisubiri kwanza achaji simu aangalie. Nilicheka, kisha nikaumia. Mama yupo hapo Mkolani, kumbukumbu zake nzima kabisa, na hakuna mjukuu anayemuuliza kitu.