Mlango Nilioukwaruza

Harufu ya majivu yaliyolowa bado hunitia aibu. Baba alikuwa amenunua gari kuukuu kule Kitale, la kwanza kijijini kwetu, na asubuhi ile lingempeleka shangazi kanisani kuolewa. Nilitaka ling'ae kama sufuria za mama. Nikausugua mlango mmoja kwa majivu na mchanga mpaka rangi nyeusi ikachubuka.

"Si ungesugua na ule mwingine, bana, ifanane," shangazi akacheka.

Baba alipapasa mikwaruzo kwa kidole, kisha akawasha gari.

Kanisani watu walilizunguka wakilisifu. Baba aliuegemea mlango ule, akawasalimu wote bila kusogea. Nilijificha nyuma ya mama nikingoja kiboko, mpaka Baba akaniita kwa mkono.

"Kuja uegemee hapa," akaninong'oneza. "Huku chini mgongo wangu haufiki."