Ini Nalo Lina Saa Yake

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyomsalimia mama yangu, nyumbani kwetu Mbuba, akakataa kuipokea salamu.

“Shikamoo, mama.”

Akaendelea kumenya ndizi. Tusi ningelivumilia. Kimya kile kilinichoma. Jana yake nilikuwa nimepimwa hospitali, nikaambiwa ini langu lina mafuta, nami nikamweleza mama. Baba yangu aliuawa na ini kwa sababu ya pombe, na mbele ya jeneza lake niliapa kwamba sitaonja rubisi wala pombe nyingine. Sikuonja. Lakini nani angeamini?

“Tumbo lile lile la baba yako,” alisema hatimaye. “Hata ukweli unaninyima?”

Wakati huo nilikuwa dereva wa lori, mtu nisiyetulia mahali. Niliendesha usiku kutoka mpakani, nikapita Runazi watu wamelala, na kila niliposimama nilikula wali na nyama ya kukaanga hadi nikavimbiwa. Mchana nililala bila kutia kitu mdomoni. Nilijiona mjanja.

Niliporudi hospitali mama alinifuata, akamuuliza daktari bila kuzunguka: “Huyu anakunywa?”

“Mama, si pombe peke yake inayotia mafuta kwenye ini.”

Akaniuliza nakula saa ngapi, nikamwambia. Ndipo akatueleza kwamba mwili una saa yake, na ini nalo huifuata. Mchana hujiandaa kupokea chakula. Usiku tukilala hutoa akiba yake kidogo kidogo, mwili usiishiwe nguvu. Anayelishindilia chakula kila usiku huivuruga saa ile, na mafuta huzidi kujilundika. Sababu nyingine zipo, alisema, ila kwa maisha yangu tuanzie hapo.

Mama alinitazama juu hadi chini. “Kumbe mimi nikifunika chungu, wewe ndiyo kwanza unafunua! Ng’ombe gani huyo wa kuchungwa usiku?”

Kisha akaniwekea mkono begani. “Marahaba, mwanangu.”

Sasa nawe umepata kazi ya ulinzi wa usiku kule Biharamulo. Nenda. Ila kula ushibe kabla jua halijazama. Njaa ikikubana zamuni, kula kidogo, tena chepesi. Ukitoka zamu, ziba dirisha ulale. Ukisikia uzito chini ya mbavu za kulia, nenda kapime. Na ukimwona mwenye ini bovu, usimwite mlevi kabla hujamuuliza anakula saa ngapi.

Mungu akulinde unapolinda mali za watu, akurudishe na afya yako, na kila utakapomwamkia mzazi, uitikiwe.