Kitanda Kimoja Juu ya Lori la Mama

Lori lilikuwa la mama. Alilinunua enzi za biashara yake ya viazi kule Molo, na magoti yalipomshinda akahamia kwetu Kiamunyi, nalo likaja likakaa uani. Bodi ya mbao ilikuwa imeoza, tukaing'oa, ikabaki sakafu tupu ya chuma.

Mume wangu ndiye aliyetaka tujenge chumba cha kulala juu yake. Paa liinuke tukisimama, lishuke tukiwa njiani, tuwe tunaenda tunakotaka, sisi wawili. Mama alipoombwa alisema, "Chukueni. Linazeeka bure."

Tulikijenga juu ya mapipa manne: fremu ya vyuma, sakafu ya plaiwudi, mabati ubavuni. Paa tuliliwekea zile fimbo za gesi zinazoinua buti la gari. Kati ya paa na ukuta palihitajika turubai, na mimi sijui kushona. Mama akavuta cherehani yake barazani, akashona siku kadhaa huku sindano zikimkatikia, akatia na madirisha ya neti.

"Mbu wa ziwani siwataki," alisema.

Hapo ndipo ningemwambia kwamba safari ni ya sisi wawili tu. Nilimshikia turubai, akaendelea kushona.

Siku ya kukipandisha, mume wangu alirudisha lori nyuma polepole kati ya mapipa, mimi nikimwelekeza kwa mkono. Tukashusha chumba kwa jeki, kona baada ya kona, juu ya vipande vya tairi kuukuu, tukakaza bolti. Paa likainuka bila kusita. Mama akapiga vigelegele, kisha akachungulia ndani.

"Kitanda ni kimoja?"

"Kimoja tu, mama," mume wangu akajibu akicheka.

"Na mimi nitalala wapi?"

Mume wangu akarudia kukaza bolti. Kwenye kiti cha baraza niliona begi lake limefungwa, sweta juu yake. Akafuata macho yangu. "Hizo ni nguo nilizoanua tu," akasema, akalibeba begi na kuingia nalo ndani ya nyumba.

Jumamosi tukaenda Ziwa Baringo, wawili. Mvua ilinyesha na turubai halikuvuja hata tone. Nililala nikiitazama ile mishono yake, iliyonyooka kama imepigwa rula, na mume wangu alipouliza kama nimefurahi nikasema nimechoka.

Tuliporudi nilimwambia mama twende Keringet, kwenye mashamba ya viazi upande wa Molo, tushinde huko. Hakuuliza kwa nini. Tulimpandisha kwa stuli, akaketi kitandani na kikombe chake, mlango wazi. Wanawake waliokuwa wakichimba viazi shamba la jirani wakaja kutazama.

"Mathe, hii ni nyumba?" mmoja akamuuliza mama.

"Ni yangu," mama akasema, akipapasa godoro. "Msichana wangu alinijengea."

Mmoja akanishika mkono, akaniambia Mungu anibariki. Nikasema asante. Sikuweza kumtazama mama. Nikajishughulisha na chupa ya chai, nayo ilikuwa tupu.