Bibi Alipolilisha Daraja

Juzi, nikiwa Garsen, niliona lori la ng'ombe likipita daraja la zamani bila hata kupunguza mwendo, nikamkumbuka bibi.

Nilikuwa mtoto wakati ule. Ilikuwa alasiri, na mvua za bara zilikuwa zimeujaza mto Tana. Maji mekundu yalinguruma kwenye nguzo za mawe, yakinuka matope na majani yaliyooza. Malisho yetu yalikuwa yameanza kuzama, nami na bibi tulikuwa tukiwavusha ng'ombe wetu, lakini ng'ombe aliyewaongoza wenzake aligoma kukanyaga daraja, na kundi zima likasimama nyuma yake.

Dereva wa lori lililozuiwa nyuma ya kundi alipiga honi. "Mama, hapa si zizini! Waogeleshe!"

"Kabla ya daraja hili tuliwaogelesha, mwanangu, na mamba wakashiba," bibi akamjibu. "Leo haogelei hata ndama. Zima gari lako."

Bibi aliokota samadi mbichi kwa mikono, akawa anaipaka juu ya daraja, konzi baada ya konzi. Nilidhani analilisha daraja ili lisitumeze. Sasa najua kwamba ng'ombe aliogopa mlio wa utupu chini ya kwato zake, na harufu ile ilimwambia kuwa wenzake wamekwisha kupita.

Dereva alizima injini. Ng'ombe akanusa, akapiga hatua moja, akasita. Bibi akampa mgongo, akanishika kwa mkono uliojaa samadi, tukaanza kwenda. Nyuma yetu kwato ziligonga daraja, chache kwanza, kisha nyingi. Bibi hakugeuka hata mara moja, mpaka nilipomwambia kwamba ndama wa mwisho amekanyaga udongo wa ng'ambo.