Almasi Iliyokuzwa kwa Gesi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Handeni viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi, cheti changu cha kidato cha nne nikiwa nimekikunja ndani ya bahasha. Kampuni ilikuwa ndogo, ya kununua na kuthamini vito, na ofisi yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo. Mthamini Mkuu hakukitazama cheti. Alimwaga mezani ganeti, vile vijiwe vyekundu vinavyochimbwa pande zetu, akaniambia nivipange kwa rangi, kutoka chekundu hafifu hadi kile kinachokaribia weusi. Nilipomaliza alivichanganya vyote kwa kiganja.

"Rudia," alisema. "Safari hii usitazame uso wangu."

Aliona kwamba kila nilipoweka jiwe nilimwangalia yeye kwanza, nijue kama nimepatia. Hilo ndilo somo alilonipa kwa miaka minane, kwa maneno mengine na kwa mawe mengine. Alinifundisha kushika kibano bila kukaza vidole. Alinifundisha kutumia lenzi ya mkono, ambayo unaisogeza karibu kabisa na jicho, kisha unalileta jiwe kwenye lenzi. Alinifundisha karati, kipimo chetu cha uzito, ambacho vitano vyake ni gramu moja tu. Na kila jiwe la maana lililopita mikononi mwangu alitaka nilichore kwenye daftari, na ndani ya mchoro niweke kasoro zake zote: ufa, kiputo, kitone. Alisema hakuna mawe mawili yenye kasoro zilizokaa sawasawa.

Bosi wangu aliyemfuata alikuwa Meneja wa Kanda, mtu wa suti na simu mbili, naye ndiye aliyenihamishia Korogwe nikasimamie tawi. Nilifurahi, kwa sababu ni karibu na Hale nilikozaliwa, ambako baba yangu alikuwa fundi kwenye kituo cha umeme wa maji. Korogwe watu walileta pete na mikufu kuliko mawe ghafi. Kwa almasi nilikuwa na kalamu ya joto, kifaa kidogo chenye ncha ya chuma. Almasi hupitisha joto upesi kuliko jiwe lolote, kwa hiyo ukiigusa kwa ncha ile, taa ya kijani inawaka. Kioo hakiwezi kuidanganya. Niliiamini kalamu ile kama mtu anavyoamini macho yake.

Ndivyo nilivyomwandikia cheti Mwalimu Stella. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Vugiri, mjane, na alitaka kujua pete aliyoachiwa na mumewe ilikuwa na jiwe gani. Marehemu alikuwa fundi wa mitambo, alifanya kazi miaka kadhaa Uarabuni. Niligusa kwa kalamu, taa ikawaka. Nikachora jiwe kwenye daftari, nikaweka vitone vitatu vyeusi nilivyoviona karibu na ukingo. Kwenye cheti nikaandika: almasi ya asili, iliyochimbwa ardhini. Nikagonga muhuri.

Miaka mitatu baadaye vidole vya Mwalimu vilinenepa, akaipeleka pete kwa Mzee Athumani ili ipanuliwe. Mzee Athumani alikuwa sonara pale Korogwe tangu ujana wake, mtu wa kuswali na kunyamaza. Pete ilirudi vizuri. Kisha mpwa wa Mwalimu akaichukua kwenda nayo Dar es Salaam, akaipitisha kwenye duka lenye mashine mpya, akaambiwa kwamba jiwe lile ni almasi iliyokuzwa maabara.

Mwalimu alikuwa na cheti changu mkononi. Cheti kilisema jiwe lilichimbwa, mashine ikasema halikuchimbwa, na katikati ya hayo mawili pete ilikuwa imelala siku nne kwa sonara. Hakupiga kelele. Alimwendea Mzee Athumani akamwomba arudishe jiwe lake. Mzee alisema hana. Habari ikashuka sokoni, na baada ya mwezi mmoja meza ya Mzee Athumani ilikuwa tupu. Wanawake waliokuwa wakimpa dhahabu za bibi zao walipita mlangoni bila kugeuka. Nami nilimwamini Mwalimu, kwa sababu niliamini cheti changu.

Ilitokea kwamba wakati huo huo kampuni ilinipeleka India, kwenye mji wa wachonga almasi, nikajifunze habari za haya mawe mapya. Nilikwenda nikidhani nitaonyeshwa ulaghai. Nilichoonyeshwa sijawahi kukielezea nikamaliza.

Tulifundishwa na Mhandisi wa Ukuzaji, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alianza kwa kutukumbusha kwamba almasi ni kaboni tupu, ndugu wa makaa na masizi ya chungu; tofauti ni jinsi chembe zake zilivyoshikana. Wako wanaoibana kaboni kwenye mtambo mzito, kwa joto kali, kama ardhi inavyofanya kule chini. Wao walikuwa na njia nyingine. Wanachukua kipande chembamba cha almasi, kama kigae kidogo, wanakiita mbegu. Mbegu kadhaa hupangwa ndani ya chumba cha chuma kisicho na hewa, kisichozidi ukubwa wa sufuria ya pilau. Kisha inaingizwa haidrojeni na gesi ya methani kidogo.

Methani ndiyo ile inayotoka kwenye samadi. Niliposikia nilidhani nimekosea Kiingereza, nikauliza. Akasema ndiyo, ni hiyo hiyo, ila yao imesafishwa.

Mtambo ukipeleka nguvu ndani, mfano wa ile inayopasha chakula kwenye oveni za mawimbi, gesi inapasuka na kuwaka. Niliinama kwenye kidirisha cha mtambo. Ndani palikuwa na mpira wa mwanga wa zambarau, umetulia juu ya zile mbegu, hauna moshi, hauna mlio, katika joto ambalo sufuria ingeyeyuka kama siagi. Kutoka kwenye mwanga ule kaboni inashuka chembe kwa chembe na kujipanga juu ya mbegu. Chembe isiyojipanga vizuri haidrojeni inaifagia. Kwa siku nzima unene unaoongezeka haufiki wa ukucha. Wiki zikipita wanatoa kipande kilichoungua kingo kama mkate, wanakata weusi kwa mwali wa leza, na katikati yake mna almasi.

Nilisimama pale mpaka mgongo ukauma. Nilikuwa nimefanya kazi na mawe miaka karibu thelathini nikiamini kwamba hutokea mahali pasipofikiwa na mtu, na sasa jiwe lilikuwa linakua mbele yangu kama unga wa ugali unavyotulia chini ya maji. Nilisema taratibu, nikiongea peke yangu, kwamba wanaiga kazi ya Mungu. Mhandisi akasikia, akataka nimfasirie, nikamfasiria.

"Hatuigi," alisema. "Kaboni inajua yenyewe jinsi ya kuwa almasi. Sisi tunaipa mahali."

Alitueleza pia kwamba umeme ukiyumba kidogo tu, kazi ya wiki huharibika au jiwe hubaki na mstari ndani. Nilimkumbuka baba na mitambo yake ya Hale. Kisha akatugawia lenzi na mawe yaliyokwisha chongwa, tuyazoee. La pili nililoshika lilikuwa na vitone vyeusi karibu na ukingo. Nikauliza ni nini. Akasema ni kaboni iliyokosa kujipanga na haikufagiwa; huonekana mara nyingi kwenye mawe yao. Na kalamu ya joto, nikauliza, haiwezi kuyatambua? Alicheka kwa upole. Kalamu itasema almasi, alisema, kwa kuwa ni almasi.

Niliweka kibano chini.

Niliporudi Korogwe sikufungua hata sanduku. Nilichukua daftari la zamani, nikamwomba Mwalimu pete, nikaiweka chini ya hadubini. Vitone vitatu, vimekaa vile vile nilivyovichora. Jiwe halikubadilishwa. Lilikuwa lile lile tangu siku ya kwanza, na mwongo kati yetu alikuwa muhuri wangu.

Nilimpigia Meneja wa Kanda. Alinisikiliza, kisha akasema cheti kile ni jina la kampuni, na sonara atasahaulika. Nilimwambia nitakwenda Vugiri kesho yake. Akasema nikienda, nisitegemee kubaki msimamizi.

Nilikwenda. Mwalimu Stella alinikaribisha jikoni, akabandika chai kwenye jiko la gesi ya samadi. Ana ng'ombe wawili na mtambo nyuma ya nyumba. Nilimrudishia pete, nikamweleza kosa langu lote, nikamwonyesha daftari. Aliivaa, akawa anaizungusha kidoleni.

"Basi mume wangu aliniletea nini, Bi Zaina?"

"Almasi, Mwalimu. Almasi kamili. Nilichokosea ni ilikozaliwa."

Nikamweleza ile mbegu, ule mwanga wa zambarau, na gesi inayofanana na hii iliyokuwa ikiunguruma chini ya birika lake. Alitazama moto ule. Kisha akaniambia kwamba siku ile mumewe alipomvisha pete alimwambia, hii ni kazi ya mafundi. Yeye alidhani anasifu mkono wa sonara wa Uarabuni.

"Alijua," alisema. "Alikuwa anajivunia wenzake."

Alilia, kisha akajitanda khanga, tukateremka pamoja hadi Korogwe. Dukani kwa Mzee Athumani Mwalimu alipiga goti akamwamkia, akaomba radhi. Nami nikaomba yangu. Mzee alifuta miwani, akasema ametusamehe, lakini msamaha wa mdomo hautarudisha wateja. Akanipa karatasi na kalamu. Niliandika kwamba nilikosea, kwamba jiwe halikuguswa, nikaweka jina langu kamili. Akaibandika pale wanaposimama wateja.

Meneja alitimiza neno lake. Nilirudishwa Handeni kupanga ganeti, chini ya vijana niliowafundisha mwenyewe, na hapo nikamalizia miaka yangu miwili ya mwisho. Sikuiona kuwa adhabu kubwa. Niliwafundisha wale vijana nilichokiona India, na mara nyingi kazi ilisimama nusu saa wakiniuliza.

Sasa nimestaafu, naishi Sindeni, nalima mahindi na mbaazi. Wanaonisoma na kutaka kuingia kazi hii nawaambia wasiogope mashine mpya. Waogope siku wasiyotaka kusema "sijui". Mimi nilipaswa kuliandika neno hilo kwenye cheti kile, na lingetosha.

Mwezi uliopita kijana mmoja na mchumba wake walifika hapa kwa bodaboda wakiwa na pete mpya. Niliwaambia sina tena muhuri wala kampuni, siwezi kuwapa cheti. Binti akasema wametumwa na Mzee Athumani wa Korogwe, na kwamba mzee hakuwaambia wachukue cheti. Amewaambia wasikilize tu nitakachosema.